Kuizima Taa Si Kulitengeneza Gari

Mwalimu mmoja wa Kipkelion alikuwa na Probox. Simtaji jina, maana ni watu kadhaa niliowaunganisha katika mmoja, kila mtu na kipande chake cha kisa. Probox yenyewe haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kericho. Toyota iliitoa mwaka 2002, na imekuwa gari la kila shughuli huku milimani: alfajiri hubeba maziwa, asubuhi watoto wa shule, mchana kabeji, na usiku, ikibidi, mgonjwa. Ya mwalimu ilikuwa ya petroli, injini ya lita 1.5, imetumika Japani kabla ya kufika kwetu. Mkewe ndiye aliyeiendesha zaidi. Alikusanya maziwa ya majirani na kuyapandisha hadi Chepseon, kwenye barabara kuu ya Nakuru na Kericho.

Siku moja taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Mwalimu akaenda kwa fundi, akalipia kupimwa kwa mashine, akaambiwa ni sensa, akainunua. Wiki haikuisha, taa ikarudi. Alipouliza, akaambiwa alipie kupimwa upya. Hasira aliyorudi nayo nyumbani naielewa vizuri. Mtu anayesimama kando ya boneti iliyofunguliwa, akitajiwa majina ya vitu asivyoviona, hana njia ya kujua kama anaelezwa au anauziwa. Wengi wanaonunua mashine ya kupima gari hawanunui kwa kupenda ufundi. Wananunua ili wasidanganywe tena, na hiyo ni haki yao.

Mwalimu akaagiza Nairobi kidude kinachoenea kiganjani, kikaletwa na matatu kama kifurushi. Unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na programu ya simu inakuonyesha namba za hitilafu. Juu yake pameandikwa ELM327, toleo la 1.5. Hapo palikuwa na onyo la kwanza, ingawa hakuwepo wa kumsomea. ELM327 ni chipu iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la mwanzo liliuzwa bila kufungwa dhidi ya wanakili, likanakiliwa ulimwengu mzima, na kampuni yenyewe ikafunga shughuli zake mwaka 2022. Kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo lolote la 1.5. Kidude chenye namba hiyo ni nakala. Nakala nyingine hufanya kazi vizuri tu, na nyingine huacha baadhi ya amri bila kujibu, halafu mwenye gari anadhani gari ndilo bubu.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri, na nadhani ndio uliomponza. Jirani alikuwa na Fielder inayokohoa, injini ikiruka moto. Kidude kikatoa P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Mwalimu hakukimbilia dukani. Aliihamisha koili ya silinda ya kwanza akaiweka ya pili, akafuta namba, wakazunguka na gari hadi kituo cha reli na kurudi. Namba mpya ikawa P0302. Ugonjwa ulikuwa umeifuata koili, basi koili ndiyo mbovu. Wakanunua moja, gari likatulia. Huo ni ufundi halali kabisa. Aliichukua namba kama swali, akaliuliza gari kwa mikono yake, gari likajibu. Majirani wakaanza kuja nyumbani jioni na magari yao, na mwalimu akaanza kuamini kwamba kidude ndicho kilichotengeneza Fielder ile.

Ilipokuja zamu ya gari lake, kidude kikaandika P0171. Tafsiri iliyotoka kwenye simu ilisema mchanganyiko ni hafifu, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli inayostahili. Chini yake palikuwa na orodha ya vitu vinavyoweza kuwa vimeharibika, na cha juu kabisa kilikuwa sensa ya oksijeni. Akaenda Kericho, akapata sensa ya Japani iliyotumika, akaifunga mwenyewe Jumamosi, akabonyeza kitufe cha kufuta. Taa ikazimika. Jumapili walienda kanisani bila taa, Jumatatu vilevile. Jumanne ikawaka.

Akafuta tena.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta ya gari haiwashi taa mara ya kwanza inapoona kosa. Huliweka pembeni, ikasubiri lijirudie katika safari nyingine, ndipo iwashe. Ukifuta namba, umeirudisha kompyuta mwanzo wa kuhesabu, na taa itakaa siku moja au mbili bila kuwaka hata kama hakuna kilichorekebishwa. Utulivu huo hauhusiani na sensa uliyonunua. Isitoshe, kitufe kile hakifuti namba peke yake. Kinafuta pia kumbukumbu iliyowekwa kosa lilipotokea: gari lilikuwa na mwendo gani, injini ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika, ilikuwa na joto kiasi gani, ilikuwa na mzigo au haina. Kinafuta hata matokeo ya majaribio ambayo kompyuta ilikuwa inajifanyia yenyewe tangu awali. Namba ya hitilafu ni kama malalamiko yaliyofikishwa barazani kwa chifu: inaonyesha nani amelalamika, na mlalamikaji huenda hana kosa lolote. Sensa ya oksijeni ya mwalimu ilikuwa inasema kweli. Iliona hewa nyingi, ikasema hewa ni nyingi, ikang'olewa.

Kufuta kukawa desturi. Kila taa ilipowaka aliifuta jioni, ili mkewe asubuhi asianze safari na wasiwasi. Alifanya hivyo kwa kumpenda, sina shaka. Mkewe naye akazoea kwamba taa ni jambo la mume na simu yake.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja mama yule alikuwa akipanda kuelekea Chepseon, mitungi ya maziwa nyuma, watoto wawili wa jirani kando, akaona taa haiwaki tu, inamulika na kuzimika, na gari linatikisika. Akampigia simu.

"Baba watoto, ile taa leo inamulika-mulika. Na gari halivuti."

"Endelea polepole, mama. Jioni nitaifuta."

Lazima kila mwenye gari alijue hili hata kama hatanunua kifaa chochote maishani: taa ya injini iliyowaka na kutulia inakuambia upange kwenda kwa fundi, lakini inayomulika inakuambia upunguze mzigo sasa hivi, na utafute pa kusimama. Inamulika kwa sababu injini inaruka moto kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, kile chenye vitundu vya udongo uliopakwa platini na madini mengine ya thamani. Kichujio hicho kimetengenezwa kuvumilia joto kali, lakini hakivumilii moto wa petroli ndani yake. Vitundu huyeyuka na kuziba. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuingiza nyingine.

Probox ilikata pumzi kabla ya Chepseon. Watoto walimalizia njia kwa miguu kwenye matope. Maziwa yalikaa juani, maana mvua ilipoacha jua lilichoma, na yalipofikishwa kwenye kituo cha kupozea yalikataliwa. Yalikuwa maziwa ya kaya kadhaa, si ya mwalimu peke yake, na kila kaya ilitakiwa kulipwa.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mwingine, mzee aliyezoea kufanya kazi chini ya mti, asiye na mashine. Hakuuliza habari za sensa.

"Mwalimu, ile namba ya kwanza iliingia gari likiwa limesimama au likipanda?"

"Sijui, mzee. Nilifuta."

"Na baada ya hapo?"

"Nilifuta pia."

Mzee akamwomba awashe injini, akaegemea boneti, akasikiliza. Akamwambia akanyage breki na aweke gia huku akiongeza mafuta kidogo. Injini ikajipinda kwenye vishikizo vyake, kama inavyojipinda mlimani, na sauti ya kufyonza ikasikika kutoka upande wa chini wa ule mpira mnene unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio la hewa kuelekea kwenye injini. Ulikuwa umepasuka chini, mahali pasipoonekana. Gari likisimama, ufa hufunga. Likipanda na mzigo, ufa hufunguka na kuingiza hewa ambayo kipimo cha hewa, kilichoko nyuma kule kwenye chujio, hakikuihesabu. Mpira uliotumika ulipatikana kwa bei ndogo kuliko sensa aliyoinunua. Kichujio cha moshi kilikuwa habari nyingine kabisa. Bei yake ingenunua vidude kama kile kwa makumi.

Kumbukumbu aliyokuwa akiifuta kila jioni ndiyo ingemjibu mzee swali lake. Ingeonyesha mwendo mdogo, mzigo mkubwa, injini ya moto: mlima. Kidude kile cha bei nafuu kilikuwa na uwezo wa kuisoma, kwa kubonyeza ukurasa wa pili ambao mwalimu hakuwahi kuufungua.

Kwa hiyo ninapoulizwa, na naulizwa sana, kama inafaa kununua mashine ya kupimia gari nyumbani, sianzi na bei. Naanza na mashine hii iliumbwa kwa kazi gani. Asili yake ni moshi. California ilichoshwa na ukungu wa moshi uliolala juu ya Los Angeles, ikataka gari lijichunguze lenyewe na kuripoti linapochafua hewa. Kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani ikalazimisha kila gari dogo jipya liwe na soketi moja na lugha moja ya namba. Ulaya ikafuata na magari ya petroli mwaka 2001, na Japani ikawa na taratibu zake. Ndiyo maana gari la zamani lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani linaweza kuwa na soketi ile ile ya matundu 16, ukachomeka kidude, na kusiwe na jibu lolote. Kabla ya kununua, azima cha mtu ukijaribu kwenye gari lako. Huo ni ushauri wa dakika tano unaookoa pesa yote.

Na kwa kuwa asili yake ni moshi, kuna mengi ambayo kidude hakiyaoni. Hakioni pedi za breki zilizoisha. Hakioni bolijointi iliyolegea, tairi lenye kipara, klachi inayoteleza wala oili iliyopungua. Vidude vya bei ya chini havisomi hata kompyuta ya breki. Hili naliweka kwa uzito wote nilio nao. Tangu tarehe 30 Juni 2023, lori lililomshinda dereva lilipowavamia wachuuzi na abiria pale makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, hakuna mtu wa Kipkelion anayehitaji kuambiwa kwamba gari lisilosimama ni baya kuliko lisilowaka. Mtu aliyesoma kwenye simu kwamba gari lake halina hitilafu, kisha akateremka mteremko wa Fort Ternan na pedi zilizoisha, amesoma jibu la swali ambalo hakuliuliza. Pesa ya kwanza ya mwenye gari la milimani ni ya breki na matairi. Mashine ije baadaye.

Hata kile mashine inachokiona kinataka msomaji. Chukua kipimo cha shinikizo la hewa. Mombasa, ukiwasha swichi bila kuwasha injini, gari lenye sensa hiyo litaonyesha kilopaskali 101 hivi. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, litaonyesha takriban 80. Sensa ni nzima; hewa yenyewe ndiyo nyepesi. Anayelinganisha na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani atanunua sensa bure. Au chukua joto la injini. Maji yakivuja yote kwenye redieta, sensa ya joto hubaki ndani ya mvuke au hewa badala ya maji, na inaweza kuonyesha joto la chini kuliko lile linaloikaanga gasketi. Simu inasema salama, injini inakufa. Bado utafungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, na kutazama maji kwa macho.

Aliye tayari kujifunza, ukurasa wa kuuzoea ni ule unaoonyesha gari likifanya kazi, na ndani yake ule mstari wa asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Gari zima huchezea karibu na sifuri. Likiongeza asilimia 20 au zaidi linapounguruma limesimama, na likatulia ukikanyaga mafuta, tafuta kipira kidogo kinachofyonza hewa upande wa injini. Likiwa sawa limesimama lakini likaanza kuongeza sana linapobeba mzigo, fikiria pampu ya petroli iliyochoka, chujio lake, uchafu kwenye kipimo cha hewa, au ufa kama ule wa mwalimu. Kujua hayo tu kunapita thamani ya orodha yoyote ya namba. Na kabla ya kugusa kitufe cha kufuta, piga picha kurasa zote mbili, ya namba na ya kumbukumbu, uandike tarehe, kilomita na ulikuwa unapita wapi. Kuandika "nikipanda kutoka mtoni, gia ya pili, mvua" kunamsaidia fundi kuliko unavyodhani.

Kuna watu ambao nisingewashauri wanunue kidude kabisa. Mwenye gari moja jipya-jipya ambalo taa yake haijawaka mwaka mzima hana haja nacho. Asiyependa kuchafua mikono hana haja nacho pia, kwa sababu namba bila mkono wa kujaribu humpeleka duka la spea moja kwa moja. Na anayetaka kifaa ili amshinde fundi kwenye mabishano atashinda mabishano na kushindwa na gari. Anayekifaidi ni yule mwenye magari mawili matatu ya kazi, mwenye subira ya jioni moja, na mwenye fundi anayezungumza naye bila kufichana. Huyo anunue kile cha bei nafuu, akizoee, na akichomoe kila anapomaliza. Vingi vya aina hiyo hunyonya betri hata gari likiwa limezimwa, na gari lililokaa muda mrefu bila kutembea huenda lisiwake.

Lakini lipo jambo ninaloliamini kuliko kununua huku kwa mmoja mmoja. Katika kijiji kile cha mwalimu, hesabu ya haraka ingeonyesha vidude kadhaa vya nakala, kila kimoja kimelala kwenye droo ya mtu aliyekasirishwa na fundi. Pesa ya hivyo vyote, ikiongezewa michango ya wenye Probox wa stejini, ingemnunulia mzee wa chini ya mti mashine moja ya karakana, inayosoma breki na mifuko ya hewa, inayochora mabadiliko kwenye kioo badala ya kutoa namba tu. Yeye ana masikio na mikono ambayo hakuna mashine itakayompa mtu mwingine. Alichokosa ni uwezo wa kununua. Sharti la wachangiaji liwe moja: mwenye gari aonyeshwe kioo kabla ya chochote kufutwa, na aonyeshwe tena baada ya kazi, akiwa amesimama hapo hapo kando ya boneti.

Mwalimu amekwisha kulizungumza hilo na wenzake wa maziwa. Mchango umeanza, polepole, kwa sababu bado wanalipana yale maziwa yaliyokataliwa.